Mashamba ya Sola Vijijini Kenya: Maswali Yasiyokosekana Barazani

Mzee mmoja wa Bonde la Ufa alinifungulia mkebe wa biskuti na kunitolea karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Ilikuwa makubaliano aliyotia sahihi na kampuni moja ya sola. Miaka mitatu ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi za kukodolea macho, palikuwa na maneno mengine: muda huo unaweza kuongezwa kampuni ikitaka. Ilikuwa imetaka mara mbili. Paneli hata moja hakuna, na alipokwenda kuombea mkopo hati yake, akaambiwa kwamba shamba lina zuio kwenye ofisi ya ardhi.

Tangu siku hiyo naulizwa maswali yale yale, barazani, kanisani, hata kwenye matatu. Nimeyaweka hapa pamoja. Mengi yanahusu sheria, lakini jibu la kwanza karibu kila mara ni siasa.

Watu wenye fulana za kung'aa wamekuja kupima shamba letu. Mradi umeshapita?

Hapana. Kupima si kujenga. Kampuni huanza kwa kutafuta ardhi tambarare, isiyo na mafuriko, iliyo karibu na kituo cha stima chenye nafasi ya kupokea umeme wake. Ikiipata, humtia mwenye shamba sahihi kwenye makubaliano ya awali: shamba limewekewa kampuni, wengine wasiliguse, na mradi ukifaulu ndipo mkataba wa kukodi uanze. Anayetia sahihi hapa hajapangisha shamba. Ameuza nafasi ya kulipangisha, mara nyingi kwa pesa kidogo.

Baada ya hapo kampuni hupeleka maombi Wizara ya Kawi na kufanya uchunguzi wa gridi. Inatafuta leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kibali cha kaunti na leseni ya EPRA, mdhibiti wa kawi, kisha inakaa mezani na Kenya Power, kampuni inayonunua na kusambaza stima, kujadili mkataba wa kuuza umeme. Mkataba huo nao lazima uidhinishwe na EPRA. Benki hazitoi pesa kabla ya kuuona.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mgeni wako si "mtaanza lini?" Muulize: "Mmetia sahihi na Kenya Power?" Akianza kukueleza uzuri wa nishati safi, jua kwamba hajatia.

Mbona miradi hii hukaa miaka na miaka?

Kwa sababu karatasi unayotia sahihi kijijini inaning'inia kwenye karatasi nyingine iliyoko Nairobi, na hiyo ya Nairobi inaning'inia kwenye siasa ya bei ya stima.

Kenya ilianza mwaka 2008 kutangaza bei maalum za kununulia umeme wa kampuni binafsi. Sera iliporekebishwa 2012, sola iliyounganishwa na gridi iliwekewa senti 12 za dola ya Marekani kwa kila uniti. Bei hiyo iliwavuta watu wengi. Maombi yakarundikana, kampuni zikakimbilia ardhi, wengine hata mtaji hawakuwa nao. Walitaka karatasi waje waiuze.

Kisha upepo ukageuka. Bei za paneli zilishuka duniani, senti 12 zikaanza kuonekana ghali, na wananchi wakalalamikia bili. Kuanzia 2018 mlango wa mikataba mipya ukawa umefungwa nusu. Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo chini ya John Ngumi lichunguze mikataba ya kununua umeme, nalo likapendekeza ile ambayo haijakamilika isiendelee. Mwaka huo huo sera mpya ikaitoa sola katika bei za kutangazwa na kuipeleka kwenye mnada, yaani anayetaja bei ya chini ndiye anayepata. Mwaka 2023 Bunge la Taifa nalo likaingilia na kusimamisha mikataba mipya ili lichunguze gharama. Mzee wangu wa mkebe alikuwa ameketi kwenye foleni hiyo bila kujua kuna foleni.

Kuna sababu nyingine isiyo ya siasa. Kenya hutumia stima nyingi zaidi jioni, watu wakipika na kuwasha taa. Kilele hicho kilipita megawati 2,300 mwaka 2025. Saa hizo jua limeshatua. Mchana mvuke wa ardhini wa Olkaria unazalisha vizuri tu, tena usiku manane wakati mwingine mvuke huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Ndiyo maana siku hizi Kenya Power inauliza habari za betri kabla ya habari za paneli, na kampuni isiyo na jibu la betri iko nyuma ya foleni hata baada ya Bunge kuondoa marufuku yake mwaka 2025.

Shamba la sola linataka ekari ngapi?

Piga hesabu ya ekari 4 hadi 5 kwa megawati moja. Kituo cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019 chini ya REREC, shirika la serikali la umeme vijijini, kina paneli zaidi ya 200,000 kwenye hekta 85 hivi na hutoa kama megawati 50. Kile cha Langobaya, Malindi, kina megawati 40, na vile vya Uasin Gishu ni vya kiasi hicho hicho kila kimoja. Akija mtu anayetaka ekari 2,000 kwa megawati 40, hataki sola peke yake.

Shamba langu ni la kilimo na nina hati. Natakiwa nini?

Kwanza bodi ya ardhi. Kukodisha shamba la kilimo kwenye eneo linalodhibitiwa, sawa na kuliuza au kuligawa, kunahitaji idhini ya bodi chini ya sheria ya udhibiti wa ardhi, Sura ya 302. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini mkataba ni bure, hata ukiwa na mihuri ya mawakili watatu. Bodi itamtaka mkeo au mumeo afike mwenyewe, na mara nyingi watoto wakubwa pia. Usimfiche mtu nyumbani. Wengi nimewaona wakirudishwa mlangoni kwa sababu mama alisikia habari ya mkataba pale pale.

Pili, uraia. Bodi hukataa kumpa idhini ya shamba la kilimo mtu asiye raia, au kampuni yenye wanahisa wasio raia, isipokuwa Rais atoe msamaha. Na Katiba, ibara ya 65, inasema asiye raia humiliki ardhi kwa kukodi tu, isizidi miaka 99. Kampuni nyingi za sola zina mtaji wa nje, kwa hiyo kazi hii wanaijua. Ni wao waifanye kwa gharama yao, na iandikwe hivyo.

Tatu, kubadilisha matumizi. Shamba la mahindi haligeuki kituo cha stima kimya kimya. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inaipa kaunti mamlaka ya kukubali au kukataa, na tangazo hutolewa ili jirani apate kusema. Angalia hapa: shamba likishatoka kwenye kilimo, kodi ya ardhi ya kaunti inaweza kupanda. Nani ataibeba kwa miaka 25 ijayo? Kama mkataba haukusema, ni wewe.

Mwisho, ushuru wa stempu na usajili. Mkataba wa kukodi ambao haukusajiliwa ni wa kufungia mandazi.

Hati bado iko kwa jina la marehemu babu.

Basi hakuna wa kutia sahihi. Hata kama nyinyi ndugu mmegawana mipaka kwa miti ya mikinduri na hamgombani, kisheria mali ya marehemu haiguswi mpaka mahakama iteue wasimamizi wa mirathi, kisha ithibitishe ugavi, ambao kwa kawaida huchukua miezi 6 au zaidi. Ndugu mmoja akitia sahihi na kula pesa ya awali, ameingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa la jinai. Kampuni yenye haraka itamtafuta huyo ndugu. Kaeni kikao kabla hajatafutwa.

Ardhi yetu ni ya jamii. Nani anatia sahihi?

Hapa ndipo miradi mikubwa huponea au huangukia, kwa kuwa jua kali na ardhi pana viko Garissa, Wajir, Turkana, Marsabit, Isiolo, ambako sehemu kubwa ni ardhi ya jamii.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mkataba na mwekezaji hauna nguvu mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano uliohudhuriwa na angalau theluthi mbili yao. Si theluthi mbili ya wazee waliopata chai. Wanawake na vijana wamo, na wafugaji walio malishoni wamo pia, jambo ambalo hulazimisha mkutano uitwe wakati watu wamerudi. Kamati ya usimamizi, yenye watu 7 hadi 15, hutekeleza tu yaliyoamuliwa.

Ikiwa jamii haijajisajili, kaunti ndiyo inayoishika ardhi kwa niaba yao, na sheria inaikataza kuiuza au kuigeuza ya mtu binafsi. Kwa hiyo jisajilini kabla ya mwekezaji, si baada yake. Najua usajili unakwenda pole pole, na mipaka na majirani huchokonoa vidonda vya zamani. Bado ni nafuu kuliko mahakama.

Mfano ni wa upepo, lakini somo ni la ardhi. Mradi wa Ziwa Turkana kule Marsabit, megawati 310, ulizinduliwa Julai 2019. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ekari 150,000 za mradi zilipatikana kinyume cha utaratibu, na ikatoa mwaka mmoja zirekebishwe. Mitambo ilikuwa inazunguka wakati hukumu inasomwa. Hakuna mwekezaji mwenye akili anayetaka kusimama hapo, na hiyo ndiyo nguvu mliyonayo mezani. Mwambieni kwamba theluthi mbili inamlinda na yeye.

Chifu, MCA au gavana anaweza kukubali kwa niaba yetu?

Hapana, hapana, na hapana. Chifu anaitisha baraza. MCA ni mjumbe wa bunge la kaunti, anapiga kura humo. Gavana anatoa vibali vya mipango. Hakuna kati yao mwenye hati yako.

Tuliona tangazo la NEMA gazetini. Lina maana gani kwetu?

Lina maana kwamba ripoti ya athari kwa mazingira imeandikwa na mmepewa muda wa kusema. Muda huo umeandikwa kwenye tangazo lenyewe, nao huisha haraka. Ripoti husomwa kwenye ofisi ya NEMA ya kaunti. Usiisome yote; nenda kwenye kurasa tatu: njia ya maji ya mvua, njia ya mifugo, na orodha ya waliohudhuria mikutano. Hiyo orodha ina mambo. Niliwahi kukuta jina la mtu tuliyemzika mwaka uliotangulia, ametia sahihi na kuacha nambari ya simu.

Andikeni maoni kwa mkono kama hakuna kompyuta, yapigwe muhuri wa kupokelewa, mbaki na nakala. Leseni ikitolewa na hamkubaliani nayo, kuna Mahakama Maalum ya Mazingira, na siku ni 60.

Tutapata ile asilimia 5 ya jamii?

Hili huniuma kulijibu. Sheria ya Kawi ya 2019 inagawa mrabaha hivi: serikali kuu asilimia 75, kaunti 20, jamii 5. Lakini hiyo ni ya mvuke wa ardhini. Jua halimo.

Ajabu ni kwamba Katiba, ibara ya 260, ikitaja maliasili ya nchi, inaanza na mwanga wa jua, kabla ya maji, misitu na madini. Ibara ya 66 inataka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha uwekezaji unafaidi wenyeji. Miswada ya kugawana faida za maliasili imezunguka Bungeni tangu enzi za kaunti kuanza. Kwa hiyo leo mtapata kile mlichokiandika kwenye mkataba: kodi, ajira, mfuko wa jamii, au hisa kama mna mwanasheria mzuri. Mwanasiasa akiwaahidi asilimia 5 ya sola, mwombeni kifungu.

Angalau tutawekewa stima?

Si lazima. Umeme wa kituo hupandishwa voltu na kuingia kwenye gridi, ukapita juu ya nyumba zenu kama ndege ya kwenda Mombasa. Kuunganishiwa ni kazi ya Kenya Power na REREC, kwa bajeti nyingine kabisa. Watu hukasirika sana wakiliona hili baada ya fensi kusimama, na nawaelewa: unalala na koroboi ukitazama taa za ulinzi za kituo. Kama mnataka stima, iwekwe kwenye makubaliano ya jamii tangu mwanzo, ikitajwa shule gani, zahanati gani, na ifikapo lini. "Kampuni itasaidia juhudi za kusambaza umeme" si ahadi.

Mwaka wa uchaguzi unabadilisha nini?

Karibu kila kitu kijijini. Mgombea mmoja atasema ameuleta mradi, mpinzani wake atasema ardhi imeuzwa, na wote wawili huenda hawajaiona ripoti hata kwa kuipita. Kinangop, Nyandarua, mradi wa upepo wa megawati 60.8 ulikufa 2016 baada ya maandamano ya wakazi, ya kugombea ardhi na fidia na hofu za afya ambazo hakuna aliyezijibu mapema. Mabilioni yalikwisha tafutwa. Wanasiasa hawakuzua hofu zile. Walizikuta zimelala bila majibu.

Ushauri wangu: mkutano wa theluthi mbili usiitishwe kwenye miezi ya kampeni. Mkataba uliopitishwa na bendera za chama zikipepea nyuma hufunguliwa upya na mshindi mpya.

Kumbukeni pia kwamba kawi imegawanywa. Nairobi ina sera, gridi na bei. Kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba, ina mipango yake na usambazaji wa umeme wa mashinani. Gavana na Wizara wakikosana, vibali vya kaunti ndivyo huchelewa kwanza.

Nyaya zitapita kwenye shamba langu, lakini kituo kiko kwa jirani. Nina haki gani?

Unalipwa kwa kuzuiwa kutumia, si kwa kuuza. Laini ya kilovolti 132 huchukua ukanda wa mita 30 hivi, na ya 220 mita 40. Ardhi inabaki yako, unaweza kulima maharagwe na viazi, lakini usijenge wala kupanda mkaratusi. Usiruhusu nguzo kabla ya malipo. Nchi nzima imewahi kulipia ucheleweshaji wa laini: ile ya Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilichelewa kwa sababu kadhaa, fidia za njia zikiwamo, huku mitambo ya upepo ikiwa tayari, na gharama yake ikaishia kwa anayelipa bili.

Ni kweli paneli hufukuza mvua?

La. Kinachobadilika ni maji ya mvua hiyo: yanateleza kwenye vioo na kutoka kwa kasi upande wa chini. Mwenye shamba la chini ndiye aulize habari za mitaro.

Mkataba mzuri una nini?

Nenda kwa wakili wako, si wa kampuni, na udai kampuni imlipe. Wengi hukubali wakiombwa. Kisha fikiria haya.

Muda wa makubaliano ya awali uwe na mwisho wa kweli. Kuongezwa kuwe kwa sahihi yako na kwa malipo mapya, na zuio liondolewe na kampuni yenyewe muda ukiisha. Kama mkataba wa Kenya Power haujapatikana kufikia tarehe fulani, shamba lirudi kwako bila barua za kubembeleza.

Kodi iandikwe ipandeje. Shilingi 20,000 kwa ekari leo si 20,000 baada ya miaka 15. Muulize yeyote aliyekodisha shamba 2005. Wengine huomba dola. Mimi napendelea shilingi zenye nyongeza iliyoandikwa kila mwaka, kwa kuwa mkulima hulipa karo kwa shilingi.

Kampuni ikiuzwa, ahadi zote zihamie kwa mnunuzi. Hili si jambo la nadra: miradi mingi huanzishwa na kampuni ndogo, ikauzwa kwa kubwa ikishapata karatasi. Aliyewaahidi kisima huenda asiwepo siku ya kuchimba.

Na siku ya mwisho. Baada ya miaka 20 au 25, nani ataondoa vyuma, zege na paneli zilizovunjika? Dai pesa za kazi hiyo ziwekwe kando mapema, si mwaka wa mwisho, wakati kampuni haina tena sababu ya kupokea simu zako. Uliza pia kama kondoo wanaweza kulisha chini ya paneli. Nyasi lazima zikatwe, na kondoo ni nafuu kuliko mashine. Mbuzi hawatakubaliwa, wanapanda juu ya kila kitu na kutafuna nyaya.

Nilishatia sahihi zamani. Nafanyaje?

Toa karatasi, tafuta tarehe. Kama muda umekwisha na hakuna nyongeza yenye sahihi yako, mwandikie msajili wa ardhi kuomba zuio liondolewe, ukiambatisha nakala. Kampuni hupewa notisi ijieleze. Ikinyamaza, zuio huondolewa. Kama muda bado, iandikie kampuni kuuliza hali ya mkataba wake na Kenya Power, na uitake ijibu kwa maandishi.

Mzee wa mkebe aliandika barua mbili, moja kwa kampuni na moja kwa ofisi ya ardhi. Ya kampuni ilirudi haijafunguliwa; ofisi zilikuwa zimehama. Ya ardhi ilimchukua safari nne, lakini zuio lilitoka. Amepanda mahindi, na ile karatasi ameirudisha mkebeni, safari hii ikiwa na muhuri wa msajili juu yake.